Nilijua Kufunga

Niseme ukweli kwanza kabla sijaanza kujishusha, maana kujishusha kwingine ni majivuno tu: nilikuwa hodari. Sikuwa mchezaji mzuri miongoni mwa wazuri. Nilikuwa yule ambaye timu ngeni zikija Moshi zilikuwa zimeshakaa kikao kumjadili. Mchezo wangu ulikuwa mpira wa pete. Nilikuwa mrefu kuliko walimu wangu wengi, mwenye mikono mirefu na jicho lisilopepesa, na ukinipa mpira nikiwa ndani ya nusu duara, andika goli. Walinzi walinirukia, walinikanyaga vidole, na mmoja aliwahi kunitemea mate nikiwa nalenga. Nilifunga nikiwa na mate shavuni, ndipo nikajifuta.

Asiyeujua mchezo huu nimweleze jambo moja. Mfungaji hakimbii uwanja mzima. Anakaa karibu na pete, wenzake wanahangaika huko katikati mpaka mpira umfikie, naye akishaudaka haruhusiwi kutembea nao. Anasimama, analenga, anafunga, anashangiliwa. Nilifanya hivyo tangu sekondari mpaka nilipopita miaka thelathini, na nikadhani ndivyo dunia nzima ilivyopangwa.

Kwetu ni juu, kwenye migomba, mahali ambapo ukishuka kwenye gari barabarani unapanda saa nzima kwa miguu. Baba alifariki tukiwa wadogo. Tulibaki na mama, mimi na mdogo wangu wa kike niliyempita miaka sita, kwenye kihamba, yaani ile nyumba na shamba la ukoo ambalo kwetu haliuzwi. Tulikuwa na kahawa chini ya migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa zizini nyuma ya jiko. Mdogo wangu alikuwa mfupi, mkimya, na mwenye kichwa cha darasani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mchungaji alikuwa akimwita kuandika barua za usharika. Alitaka ualimu tangu akiwa darasa la tatu. Alikuwa akiwapanga kuku uani na kuwaita majina ya mahudhurio, mimi nikimcheka.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa alama za kuonea huruma, na bado shirika moja la umma mjini lilinichukua kabla karatasi za matokeo hazijakunjwa vizuri. Enzi zile kila shirika lilikuwa na timu, na mabosi walioneshana timu kama watu wanavyooneshana ng'ombe. Niliandikwa karani wa masjala. Masjala yenyewe nilikuwa naingia kusaini daftari na kunywa chai. Mama mmoja wa makamo, aliyekaa meza ya pili, alifanya kazi yake na yangu bila kunung'unika, na saa nne mimi natoka kwenda mazoezini. Wageni wakija, meneja ananiita ofisini kwake na kuwaambia, "Huyu ndiye mtu wetu mkubwa." Nami nasimama pale, nimejaa mlango, nafurahi. Huko juu nako mama alikuwa akiambiwa hivyohivyo akitoka kanisani, kwamba mwanao siku hizi ni mtu mkubwa, tunamsikia redioni.

Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi. Vijana wa mtaani walikuwa na utani wao: "Mpira wa pete anaujua, pete yenyewe ndiyo haijamjua." Niliwajibu kwamba mwanamume wa kunivisha inabidi kwanza apande kiti. Tulicheka, tukaachana. Nikiingia ndani nilikuwa naacha redio ikiongea mpaka asubuhi, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno kwa mtu anayeshangiliwa mchana.

Kisha mama akapata kiharusi. Alianguka jikoni akimimina maziwa, na upande wake wa kulia ukalala. Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini. Ndiye aliyemnywesha mtori wa ndizi kwa kijiko, akamsafisha, akamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili tatu asije akatoka vidonda mgongoni. Mama hakukubali kuguswa na jirani. Alisema kwa ule mdomo uliokwenda upande kwamba atasafishwa na mtu aliyetoka tumboni mwake au basi. Tuliotoka tumboni mwake tulikuwa wawili tu.

Wiki hizohizo mdogo wangu akaitwa usaili wa chuo cha ualimu, mkoa mwingine. Usaili ulikuwa Jumatatu, na ili kuuwahi ilibidi apande basi Jumapili asubuhi. Alishuka mpaka Soweto kuniambia, viatu mkononi kwa sababu ya matope, maana ilikuwa masika. Nilikuwa na fainali Jumamosi mchana. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, nikimaliza tu napanda, Jumamosi jioni nipo kwa mama, wewe nenda zako. Alinishika mkono kwa mikono miwili kama vile nimempa kitu. Alisema, "Dada, nakutegemea." Nikamwambia ondoa shaka.

Jumamosi ikanyesha. Mvua ilikuja katikati ya kipindi cha pili, uwanja ukawa tope, mwamuzi akasimamisha mchezo na kusema tutarudia kesho saa nne. Wenzangu wakanitazama. Meneja, amejifunika gazeti kichwani, akasema, "Kesho usije ukachelewa." Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema nina mgonjwa, na wangenielewa, wangenuna, wangefungwa, basi. Watu husema walikesha wakipima mambo kama hayo. Mimi nililala fofofo. Nilijiambia mdogo wangu atapata mtu, hakosi mtu, na usaili utaitwa tena mwakani.

Jumapili nilicheza mchezo wangu bora kuliko yote maishani, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Laiti ningecheza vibaya. Kila mpira uliokuja ulikaa mkononi, kila niliorusha ulitumbukia. Walinibeba juu juu kuzunguka uwanja. Zawadi ya mfungaji bora ilikuwa doti ya kanga na sufuria kubwa ya kupikia watu wengi. Jumatatu nikapanda nayo nyumbani, nimeivaa kichwani kama kofia, watu njiani wananipa pongezi.

Nilimkuta mdogo wangu zizini akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Gauni lake zuri, la bluu, lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Aliniona, akanyoosha mgongo, akasema, "Shikamoo dada. Hongera. Tumekusikia redioni." Nikamwonesha sufuria. Akasema ni nzuri, itafaa Krismasi. Ndani mama alitabasamu kwa ule upande wake mmoja, na jioni majirani wakaja kunitazama. Nilikaa siku mbili, nikashuka.

Sikumuuliza kama alikwenda usaili. Nilijua hakwenda, alikuwa mbele yangu na panga mkononi, angekwendaje? Lakini kujua ni kimoja na kuuliza ni kingine. Sikuuliza siku ile, wala mwezi uliofuata, wala Krismasi. Baada ya muda swali lenyewe likawa zito kuliko kosa. Mama alipata nafuu akawa anatembea na fimbo, na mdogo wangu akaendelea kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na hakuna chuo kilichomwita tena.

Nikaendelea kuwa mkubwa miaka mingine minane. Halafu mashirika yakaanza kuuzwa. Mwekezaji wetu alituita mmoja mmoja kwenye ofisi ileile ya meneja. Alikuwa mtu mpole, na faili langu lilikuwa mbele yake, jembamba mno.

"Mama, wewe unajua kufanya nini?"

"Najua kufunga," nikajibu.

"Kufunga nini? Vifurushi? Hesabu za mwezi?"

"Magoli."

Hakucheka. Aliandika kitu, akanishukuru kwa utumishi wangu. Yule mama wa meza ya pili alibakizwa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kila karatasi ilipo. Nilimchukia wiki nzima, bure kabisa. Uwanja wetu ukawekewa uzio na kuwa maegesho ya malori.

Ndipo nilipojua ukubwa wangu ulikaa wapi. Niliutafuta Soweto nzima. Wachezaji wenzangu walitawanyika, huyu kwa mume, huyu kwenye mitumba, na hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu katika miaka yote ile mimi pia sikuwahi kubisha hodi kwa mtu. Mmoja alijifungua mapacha tukiwa timu moja, na sikwenda kumwona. Nilikuwa na mazoezi. Nilikuwa mpweke. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nakwenda sokoni kununua nyanya mbili mbili ili kesho niwe na sababu ya kurudi kuongea na mtu. Kipaji nilikuwa nacho bado. Ukinipa mpira hata siku ile ningefunga. Lakini kipaji nilipewa, kama nilivyopewa urefu, na mtu hasifiwi utu kwa kuwa mrefu. Nilichopaswa kukitengeneza mwenyewe sikuwa nimekianza.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi mara ya pili, na safari hii hakuinuka tena kitandani. Mdogo wangu alinipokea vizuri, na hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza, maana alinipokea vizuri kila siku. Kikombe chenye maua, kile cha mchungaji, ndicho nilichonywea chai. Kuku akichinjwa napewa firigisi. Nikishika ufagio, anauchukua taratibu: "Pumzika, dada." Nikisema nimgeuze mama, ananiambia ameshamgeuza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka ulipita na sikupewa jembe. Kijijini watu walikuwa wanang'oa kahawa wapande nyanya na maharage, kwa sababu kahawa ilikuwa hailipi tena, kila mtu mikono imejaa udongo, mimi peke yangu nimekaa barazani mikono mitupu.

Siku moja sikuweza tena. Nikaenda mpakani mwa shamba nikakata jani la isale. Wasio wa kwetu nawaambia: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini, na mtu aliyekosa akitaka msamaha hulifunga jani lake fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea. Aliyeletewa isale hakatai. Hata kama damu ilimwagika, hakatai. Kwa desturi hupelekwa na mtu mzima, anayezungumza kwa niaba yako na kuacha moyo wa mwenzio upoe. Mimi nikalipeleka mwenyewe. Ndiyo tabia yangu, mpira nikishaudaka simpi mtu.

Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Aliliona jani kabla sijafungua mdomo, akaweka kisu chini, akafuta utomvu mikononi.

"Ni la nini?"

"Unajua ni la nini."

"Nataka ulitaje wewe."

Nikalitaja. Nilisema, Jumapili ile. Usaili wako. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na mimi si mtu wa sauti ndogo.

Aliongea bila hasira, akiangalia ndizi. "Nilikuwa barabarani tangu alfajiri na bahasha ya vyeti. Basi la kwanza likapita. Nikarudi mbio kumgeuza mama, nikashuka tena mbio. La pili likapita. Mama ananiuliza, hajafika? Namwambia yuko njiani. Jioni redio ya jirani ikakutaja, na watu wakaja kunipa pongezi mimi."

Nikasema nisamehe.

"Ningekusamehe siku ile uliyokuja na sufuria, dada. Nilikuwa nasubiri uniulize tu. Uniulize, ulikwenda? Basi. Ningelia, ungelia, yakaisha." Akanyoosha mkono akalichukua jani. "Sasa umeniletea isale. Isale haikataliwi. Nimelipokea, nimekusamehe."

Nilidhani nitahisi mzigo umeshuka. Nilitaka kumshika, lakini alikuwa hajamaliza.

"Lakini ungekuja mikono mitupu ningeweza kukukatalia. Na kama ningeweza kukukatalia, ningeweza pia kukukubalia kwa moyo wangu. Sasa nimekubali kwa sababu ya jani. Hatutajua, wewe wala mimi."

Akarudi kwenye ndizi zake. Lile fundo nililifunga vizuri sana, hata yeye alipata taabu kulifungua. La moyoni sijui. Mpaka leo sijui, na sina mtu wa kumuuliza, maana kumuuliza aliyekwishapokea isale ni kumtukana.

Baada ya wiki mbili akafunga nguo zake kwenye begi moja. Umri wa chuo ulikuwa umeshampita, kwa hiyo hakwenda kwenye ualimu. Alikwenda Himo kununua ndizi na maharage na kuwauzia wenye malori yanayovuka mpaka. Aliniambia mama hapendi uji mzito, ng'ombe hukamuliwa kuanzia kushoto, na dawa ziko kwenye kopo la kakao. Nikamuuliza, mbona unaondoka sasa ambapo tumepatana? Akaniambia, "Ndiyo maana naondoka. Kabla ya hapo ningekuwa nimekukimbia." Alisema anataka kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kugeuzwa. Nikambebea begi mpaka barabarani. Aliniaga kwa adabu zote, akapanda gari, akakaa dirisha la upande wa pili.

Basi nikabaki na mama. Nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na kitu yale ambayo wenzangu wanayajua wakiwa na kumi. Nilimwaga maziwa, nilipigwa teke na ng'ombe, nilipika mtori wenye mabonge. Mgongo wa mama ulitoka kidonda mara moja kwa uzembe wangu, nikakiuguza miezi miwili, na tangu hapo hakikutoka kingine. Katika kazi ile hakuna anayeshangilia. Unamgeuza, anavuta pumzi, unatazama saa, unakwenda kwa ng'ombe, unarudi unamgeuza. Mikono yangu hii mirefu ikapata kazi inayoifaa, maana niliweza kumwinua peke yangu bila kumwumiza. Nilianza kuionea fahari kazi hiyo, nikisubiri siku mdogo wangu atakapoiona. Alikuja Krismasi akiwa na sukari na sabuni, akakaa na mama, akala, akashukuru, na gari la jioni halikumwacha.

Akili za mama zilikuwa zikija na kuondoka. Miaka mitatu ilipita hivyo. Siku moja, baada ya chai ya saa nne, nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akafungua macho akauliza, "Mkubwa yuko wapi?"

"Mimi hapa, mama."

Alinitazama muda mrefu, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni. "Hapana, mama. Si wewe. Namwulizia mkubwa. Yule anayenigeuza."

Nikamwambia yuko Himo, hajambo, atakuja Krismasi. Akaridhika. Nikapitisha mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga, nikamgeuza aelekee dirishani, nikamweka mto mgongoni. Alisema asante sana, Mungu akubariki. Kisha akaniuliza mimi ni wa nyumba gani.